Kaa wa Bagamoyo na Mashimo ya Punia



Sisi watu wa Punia tunamjua kaa. Kila mtoto aliyefuata mama yake kwenye kijito amekwisha kugeuza jiwe na kumkuta yule wetu mweusi-mweusi, ameinua makucha kama mtu anayetafuta ugomvi. Tunamkamata, tunampika na sombe, maneno yanakwisha. Lakini leo ninataka kukusimulia habari za ndugu yake wa kando ya bahari. Huyu haishi ndani ya maji. Anaishi mchangani, na kazi yake ni kuchimba shimo, sawa na vijana wetu. Nilimwona mwaka wa 2018, na tangu siku ile sijaacha kumfikiri. Sababu yake utaiona, lakini kwanza nianzie nyumbani.

Unajua maisha yetu. Kasiterite ndiyo iliyotukusanya hapa. Wazazi wetu wengi walikuwa watu wa kampuni. SOMINKI ilizaliwa mwaka wa 1976, makampuni ya zamani ya Kivu na Maniema yalipounganishwa. Mwaka wa 1985 bei ya bati ikaanguka ulimwenguni kote, na mashini zikaanza kunyamaza moja moja. Mwaka wa 1997 SOMINKI ikafika mwisho wake. Leo mashimo yanachimbwa kwa mkono: nyundo, chepeo, karai, na toshi iliyofungwa kichwani. Baba anaingia, kijana anaingia, na mama anabaki juu akisikiliza.

Katika mvua za mwezi wa kumi na moja, mwaka wa 2017, shimo moja si mbali na mji liliwafunika vijana wawili. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Asubuhi walitoa maji kwa motopompe, wakaona chini kumekauka, wakaingia. Kabla ya saa sita ukuta ukashuka. Tuliwatoa jioni. Mmoja wao alikuwa mwimbaji wa kwaya yetu. Nilimjua tangu alipokuwa anabebwa mgongoni.

Matanga hayajaisha, maneno yakaanza. “Pasta, ukuta haiangukake bule. Iko mutu nyuma.” Na yule mtu wakamtaja: koko wa yule mwimbaji, mama mzee, mjane, ambaye wiki moja mbele alikuwa amegombana na mjukuu wake kwa ajili ya pesa ya dawa. Usiku watu watatu walienda kugonga mlango wake kwa fimbo. Alfajiri koko akafunga kitambaa chake, akaondoka kwa miguu kwenda kwa wandugu zake upande wa Kasese.

Mimi nilisema kwamba si yeye. Nilisema mbele ya watu wote. Lakini kijana mmoja akaniuliza kwa heshima kabisa: “Pasta, kama haiko yeye, basi iko nini?” Na mimi niliyemaliza Chuo cha Biblia sikuwa na jibu la kumpa. Nilijua kuomba. Sikujua udongo.

Mwaka uliofuata nikatumwa kwenye mkutano wa wachungaji kule Dar es Salaam. Ndege ndogo inayobeba mizigo ilinitoa Punia mpaka Goma, mimi na magunia, na magunia ndiyo yaliyokaa vizuri. Kutoka Goma nikapanda gari mpaka Kigali, halafu basi, mchana na usiku, mpaka pwani. Mkutano ulipokwisha tulipewa siku moja ya kupumzika, wakatupeleka Bagamoyo, mji wa zamani ulio karibu kilometa 70 kaskazini ya Dar es Salaam.

Usidhani, msomaji, kwamba Bagamoyo ni mbali na sisi. Katika karne ya 19 njia ya misafara ilianza pale, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikafika Kasongo na Nyangwe, ndani ya Maniema yetu. Pembe za tembo na watumwa walishuka kwa njia ile. Kiswahili kilipanda kwa njia ile ile. Lugha hii unayosoma sasa ilikuja kwetu kwa miguu kutoka ufukoni pale.

Jioni, maji yalipokuwa yamerudi nyuma, nilienda kutembea peke yangu. Hapo nikaona mashimo. Yalikuwa mengi! Karibu na maji yalikuwa madogo, hata kidole hakipiti vizuri. Juu zaidi, kuelekea minazi, yalikuwa mapana kama mdomo wa kikombe. Mbele ya kila shimo kulikuwa na mchanga uliotupwa nje, mbichi, wenye rangi tofauti na ule wa juu. Nikasema moyoni: kumbe wachimbaji wako hata hapa.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa ameketi kando ya ngalawa, akishona wavu. Nikamsalimu kwa namna ya kwao niliyojifunza mkutanoni.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umepotewa na kitu?”

“Hapana, mzee. Ninauliza tu, nani anachimba haya?”

“Kaa hao. Kaa chini utulie, watatoka wenyewe. Ukitembea-tembea wanasikia miguu yako, hawatoki.”

Nikacheka, kwa sababu lugha yetu ina mchezo wake: kaa ni mnyama, na kaa ni kuketi. Nikakaa kumngoja kaa. Dakika zikapita. Halafu mchanga kama ukahama mbele yangu, kutoka hapa mpaka pale, nikageuza macho na hapakuwa na kitu. Ukahama tena. Sikuona mnyama, niliona mwendo tu. Mwili wangu ukasisimka, sikufichi.

Wazungu wamempa kaa huyu jina la mzimu. Yuko katika pwani za mchanga za nchi nyingi za joto, na aina zake ulimwenguni zinapita 20. Kwenye pwani ya Afrika ya Mashariki kuna aina zaidi ya moja. Wataalamu wanaita ukoo wake Ocypode, neno lililotoka katika Kigiriki, maana yake ni mwenye miguu ya mbio. Lina haki. Akikimbia sana anapita mita 2 katika sekunde moja, naye anakimbia kwa ubavu. Mtu mzima anaweza kumfuata kwa hatua chache, lakini yeye anageuka ghafula, anaingia shimoni, amekwisha.

Nilipozoea, nikaanza kumwona. Ganda lake ni la pembe nne, ukubwa wake karibu na kisanduku cha kiberiti kwa aliyekomaa. Rangi yake ni ya mchanga wenyewe, majivu-majivu, na aina nyingine zinaweza kuongeza weusi au weupe kufuatana na mwanga wa saa ile. Akisimama, umempoteza. Macho yake yako juu ya vijiti viwili vinavyosimama kama askari mlangoni, tena ni makubwa, yanaona pande zote. Katika aina moja ya pwani hii, vijiti vile vinapita juu ya jicho na kuwa kama pembe. Wadogo hawana pembe hizo, zinaota wakikua. Ana makucha mawili, moja kubwa kuliko lingine, dume na jike vilevile. Ndani ya lile kubwa kuna mistari kama ya msumeno. Akiisugua inatoa mlio, na ndiyo njia yake ya kusema: hapa pana mwenyewe. Mwaka wa 2019 wataalamu walieleza jambo lingine juu ya aina ya kaa hawa iliyo Marekani: anaweza kunguruma hata kwa meno yaliyo ndani ya tumbo lake, yale anayosagia chakula.

Chakula chenyewe hachagui. Samaki aliyekufa, wadudu, kome wadogo, hata mayai na watoto wa kasa. Usiku anasafisha ufuko, mchana anajificha.

Basi, msomaji, mzimu uko wapi? Ondoa rangi, ondoa mbio, ondoa mlio wa shimoni. Hakuna kinachobaki. Watu waliona kitu kinatoweka bila kujua kinatowekaje, wakakipa jina la mzimu. Wazungu nao walifanya kama sisi tunavyofanya.

Nikarudi kwenye shimo lililo karibu nami kuangalia kazi. Aliingia kwa ubavu. Baada ya muda akatoka na fungu la mchanga, amelikumbatia kwa miguu ya upande mmoja na kucha. Hakuliweka mlangoni. Alisogea nalo kidogo, akalitupa kwa nguvu, akasimama na macho juu, akatazama pande zote, akarudi. Mara nyingi, bila kuchoka. Shimo lake halishuki wima kama kisima, linakwenda kwa mteremko. Mengine ni njia moja iliyopinda chini. Mengine yana umbo la herufi Y, yaani mikono miwili, na huo wa pili unaweza kuwa mlango wa kutorokea. Mengine yanazunguka kama konokono. Mkubwa anaweza kufika mita moja chini, hata kupita kidogo. Piga hesabu: ni zaidi ya mara 20 ya upana wa mwili wake.

Kwa nini anachimba hivyo? Kwa sababu huyu mnyama ana shida. Anapumua kwa matamvua kama samaki, na matamvua yakikauka anakufa. Lakini akikaa sana ndani ya maji vilevile hawezi, amezoea hewa. Kwa hiyo anachimba mpaka anapofika mchanga wenye unyevu. Kati ya miguu yake ana vishungi vya manyoya. Anavigandamiza kwenye mchanga ule, maji yanapanda yenyewe kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa taa, yanalowesha matamvua. Chini kule kuna baridi pia. Jua likiwa kali, anaziba mlango kwa mchanga na kukaa ndani mpaka jioni.

Nikataka kujua kina, nikaanza kuchimba kwa mikono kufuata njia yake. Mchanga wa juu, mkavu, ulikuwa unamwagika ndani kila mara, sikupata hata ukuta. Kiasi cha kiganja chini nikafika kwenye unyevu, na hapo kuta zikasimama safi, unaona hata alama za miguu yake alipokandamiza. Nikaendelea kwa pupa. Mkono ulipozama mpaka begani, maji yakaanza kutoka chini. Kuta zile zile nzuri zikalegea, zikawa uji, zikashuka juu ya mkono wangu. Nilivuta mkono kwa nguvu kuutoa.

Mzee akacheka mpaka akaweka wavu chini. “Mchanga mkavu haujengi, mchungaji. Na uliolewa maji haujengi. Kaa anamjua wa katikati.”

Sikucheka. Nilikaa pale na mkono umejaa matope, nikiliona lile shimo la mwezi wa kumi na moja.

Nikueleze kama nilivyoelewa baadaye kwa kuuliza wanaojua. Punje za mchanga mkavu hazishikani. Tia maji kidogo, na kati ya punje na punje panakuwa na ngozi nyembamba ya maji inayozivuta pamoja, na ndiyo sababu mtoto anaweza kujenga nyumba ya mchanga. Lakini maji yakijaa nafasi zote, ile ngozi haipo tena. Punje zinaachana, mzigo unaongezeka, na ukuta unatafuta pa kwenda. Udongo wetu wa machimbo si mchanga mtupu, una changarawe na udongo wa mfinyanzi, lakini ukilowa sana nao unapoteza nguvu zake.

Na ile motopompe? Hapa ndipo moyo wangu uliuma zaidi. Maji yaliyojaa shimoni usiku yalikuwa yanaegemea ukuta na kuushikilia. Vijana wakayatoa haraka. Chini pakaonekana pakavu, lakini ukuta ulikuwa bado umejaa maji yanayosukuma kutoka ndani, na sasa hakuna kinachousimamisha mbele. Motopompe inatoa maji ya shimo, haitoi maji ya ukuta. Hakuna aliyewatuma wale watoto kufa. Hakuna mtu aliyewauza. Hawakujua, na mimi mchungaji wao sikujua.

Nilirudi Punia na jibu, mwaka mmoja umechelewa. Jumapili moja baada ya ibada nikawaomba vijana wa mashimo wabaki, pamoja na pedeje wawili wenye mashimo yao. Nikaleta mabeseni matatu ya mchanga wa mtoni: mmoja mkavu, mmoja wenye unyevu, mmoja uliojaa maji. Nikamwambia kila mmoja achimbe shimo kwa mkono. Halafu nikachukua lile la katikati, ambalo shimo lake lilikuwa limesimama vizuri, nikamwagia maji polepole pembeni. Ukuta ukashuka mbele ya macho yao. Hakuna aliyesema neno.

Halafu mmoja akasema: “Pasta, na kama mulozi ndiye alileta mvua?”

Nikamwuliza: “Ile usiku mvua ilinyesha juu ya shimo moja tu?”

Wakacheka. Lakini pedeje mmoja hakucheka. Akasema: “Mvua ikinyesha, tungoje siku ngapi? Watu wangu wanakula kwa siku, Pasta. Siku mbili bila kazi, watoto watakula nini?” Swali lake lilikuwa la kweli, na sikujidai kulimaliza kwa mabeseni matatu. Tulizungumza mpaka giza. Wengine wamekubali kungoja na kutazama ukuta kabla ya kuingia. Wengine wanaingia asubuhi ile ile, njaa ikiwasukuma.

Wewe baba au kijana unayesoma, nikuachie kazi ya kaa kama nilivyoiona. Anatupa mchanga mbali na mlango. Sisi tunaurundika ukingoni, na uzito wake unasukuma ukuta. Anashuka kwa mteremko. Sisi tunashuka wima. Mara nyingine anajipatia njia ya pili. Sisi tunaingia kumi kwa mlango mmoja. Kila mara anapotoka anasimama na kutazama. Na wewe mama, usiku mvua ikinyesha sana, una haki ya kumwuliza mume wako au mtoto wako asubuhi: ukuta umeutazama?

Lakini usinielewe vibaya. Shimo la kaa ni jembamba, na shimo jembamba linasimama mahali ambapo pana linaanguka. Yeye hahitaji miti ya kushikilia kuta, wewe unaihitaji. Tena shimo lake lenyewe halidumu. Bahari ikijaa inaweza kulifukia, naye anachimba lingine. Tofauti ni kwamba yeye hashindani na maji. Wazee wetu walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, wakimwonya mwenye hila. Mchimbaji wetu hana hila yoyote, naye anaingia kila siku. Basi aingie akijua.

Koko alirudi mwaka wa 2019. Binti yake, mama wa yule mwimbaji, alienda mwenyewe kumchukua kwa tukutuku. Bado kuna watu wanaovuka barabara wakimwona, nisikudanganye. Lakini wale watatu wa fimbo, wawili wamekuja kumwomba msamaha, na mmoja anamletea kuni.

Siku moja nilikaa mlangoni pake nikamsimulia yote: bahari, mzee wa wavu, na kaa mwenye jina la mzimu. Alisikiliza mpaka mwisho, akichambua karanga. Halafu akauliza jambo moja tu:

“Na ule kaa, Pasta, iko na nyama?”

“Kidogo sana, koko,” nikamjibu. “Ni miguu na macho tu.”